Mashimo ya Mfalme Sulemani: Kitabu na Sinema Mbele ya Wapenzi Wake

Miongoni mwa vitabu vya Kizungu vilivyofasiriwa kwa Kiswahili zama za ukoloni, ni vichache vilivyopata wapenzi wa kudumu kama Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mtunzi wake ni Mwingereza H. Rider Haggard, aliyekitoa kwa lugha yake mwaka 1885. Mfasiri ni Frederick Johnson, na tafsiri yake ilitolewa London na kampuni ya Longmans mwaka 1929. Hadithi hiyo hiyo imetengenezwa sinema zaidi ya mara moja, na mojawapo ya sinema hizo, ile ya mwaka 1950, ilipigwa kwa sehemu katika nchi hizi zetu za maziwa, siku ambazo Rwanda na Burundi zilikuwa bado zimefungwa kamba moja kwa jina la Ruanda-Urundi, na makao ya utawala yakiwa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo.

Kwa hiyo wapenzi wa kitabu na wapenzi wa sinema wakutanapo, ubishi wao huku kwetu una uzito usiopatikana mahali pengine. Sisi walimu wa Kiswahili wa Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa jiji unaojulikana zaidi kwa jumba la Bunge kuliko kwa mambo ya fasihi, tumeusikia ubishi huo mara nyingi. Wa upande mmoja husema sinema iliiba jina la kitabu ikaacha roho yake. Wa upande wa pili hujibu kwamba kitabu ni maneno tu, na kwamba aliyeona maporomoko ya maji na wachezaji wa Astrida kwa macho yake hawezi kurudi kwenye karatasi. Neno la haki lipo pande zote mbili, lakini halipo mahali ambapo wabishi hulitafuta.

Kwa faida ya wanafunzi ambao hawajakisoma kitabu, hadithi kwa ufupi ni hii. Allan Quatermain ni mwindaji wa ndovu akaaye Durban, mtu mdogo wa umbo, aliyepita miaka hamsini, ambaye mwenyewe hujitaja kuwa mwoga. Anakutana melini na Sir Henry Curtis, pandikizi la mtu, pamoja na rafiki yake Kapteni John Good, baharia wa zamani mwenye miwani ya jicho moja na meno ya bandia. Sir Henry anamtafuta ndugu yake aliyepotea katika kufuata almasi za Mfalme Sulemani. Wanashika ramani ya Mreno aliyekufa zamani, wanavuka jangwa, wanapanda milima yenye theluji na kutokea nchi ya Wakukuana, inayotawaliwa na mfalme katili Twala na kikongwe mchawi Gagool. Huko mtumishi wao Umbopa anafunua nguo, na alama ya nyoka iliyochorwa kiunoni mwake inamdhihirisha kuwa ni Ignosi, mrithi wa haki wa kiti cha ufalme. Vita kubwa inapiganwa, Twala anauawa, wageni wanaingia mashimoni na karibu wafie humo pamoja na mali yote. Yasemekana Haggard aliandika haya yote baada ya kushindana na ndugu yake kwamba hawezi kutunga kitabu kifikacho hata nusu ya uzuri wa kile cha Stevenson kiitwacho kwa Kiswahili Kisiwa chenye Hazina.

Tafsiri ya Johnson yataka kutazamwa katika wakati wake. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa, na Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Mashimo kimesimama kati ya miaka hiyo miwili. Shule zilihitaji vitabu vya kusoma, wala Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kilatini hakikuwa na hadithi ndefu za kutosha. Hivyo miaka ile vikatolewa vitabu kama hiki, na Kisiwa chenye Hazina, na Mazungumzo ya Alfu Lela Ulela, vikawa vya kwanza ambavyo watoto wengi wa Tanganyika, Kenya na Unguja walivisoma kwa raha na si kwa mtihani tu. Mtu aweza kulalamika, na wengi wamelalamika, kwamba Kiswahili sanifu kilianza kutembea kwa viatu vya Haggard badala ya viatu vya washairi wa Lamu na Mombasa. Lalamiko hilo ni la kweli. Lakini ni kweli pia kwamba vizazi vya wasomaji vilijifunza humo namna ya kusimulia tukio refu kwa nathari, na jambo hilo halikuwa dogo.

Hebu tulitazame neno la kwanza la jina lake. Kiingereza husema "mines", na mwalimu wa leo angeandika migodi, au machimbo. Johnson akaandika mashimo. Wako wanaoliona neno hilo kuwa la kitoto. Sisi twaliona kuwa limelenga, kwa sababu katika riwaya yenyewe mahali pale ni shimo kubwa la mviringo lililo wazi kwa jua, na Quatermain analifananisha na lile la Kimberley. Atajaye mgodi leo, mwanafunzi hufikiri juu ya njia za chini ya ardhi na taa za kichwani. Atajaye shimo, mwanafunzi huona ukingo na kina, na hofu ya kuanguka. Neno la zamani limehifadhi picha ya mtunzi kuliko neno jipya lingalivyofanya.

Hapa ndipo tunapowauliza wapenzi wa kitabu swali ambalo aghalabu hawalipendi. Wasemapo kwamba sinema imeiacha asili, asili ipi? Wengi wao hawakupata kukisoma kitabu cha 1885. Walichokisoma ni cha 1929. Haggard, aliyefika Natal akiwa kijana mwaka 1875, alijaza kitabu chake majina na misemo iliyoelekea upande wa Kizulu. Johnson akaihamisha hadithi ile kutoka Kiingereza kilichovaa Kizulu akaivika Kiunguja. Wakukuana wakaanza kusema kama watu wa Shangani na Malindi. Uhamisho huo nao ni mkubwa, na wapenzi wameupokea bila manung'uniko kwa sababu ulifanywa kwa mkono mzuri na kwa sababu waliupata wakiwa wadogo. Hata Haggard mwenyewe hakuwa mwaminifu kwa asili yake. Katika matoleo ya kwanza wageni wanawatisha Wakukuana kwa kupatwa kwa jua. Baadaye akatambua kwamba jua haliwezi kupatwa karibu na usiku wa mwezi mpevu, kama alivyokuwa ameandika, akabadili mahali pale pawe kupatwa kwa mwezi. Kwa hiyo mwenye kutaka asili isiyoguswa atajikuta ameshika kitabu chenye kosa la falaki.

Tuje kwenye sinema. Ile ya 1937 ilitengenezwa Uingereza, mwelekezi wake akiwa Robert Stevenson, na sehemu yake kubwa ilipigwa studioni. Sifa yake ni moja nayo yatosha: Umbopa alichezwa na Paul Robeson, mwimbaji Mmarekani mweusi, ambaye miaka hiyo alikuwa akijifunza lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwa miongoni mwake, katika chuo cha London. Jina la Robeson lilitangulizwa mbele ya majina ya Wazungu waliocheza naye, jambo lililokuwa adimu mno wakati ule. Aimbapo njiani akilivuta gari, mtazamaji husahau kabisa kwamba huyu anapaswa kuwa mtumishi. Hata hivyo watengenezaji walimwingiza msichana wa Ki-Ireland ambaye Haggard hakumjua, na desturi hiyo ikashika mizizi.

Sinema ya 1950 ndiyo inayotuhusu hasa. Kampuni ya MGM ya Marekani ilileta Afrika wachezaji wake wakuu, Stewart Granger na Deborah Kerr, pamoja na mashine zake za kupiga picha za rangi. Waelekezi walikuwa wawili, Compton Bennett na Andrew Marton. Walipiga picha kwenye maporomoko ya Murchison huko Uganda, Machakos na Rumuruti huko Kenya, Tanganyika, Kongo ya Kibelgiji, na Astrida katika Ruanda, mji ulioitwa baadaye Butare na sasa Huye. Mapango ya almasi ndiyo yaliyokuwa mbali: hayo yalipigwa Carlsbad, katika jimbo la New Mexico. Sinema hiyo ilipata tuzo mbili za Oscar, moja ya upigaji picha, aliyopewa Robert Surtees, na moja ya uunganishaji wa picha. Ikawa pia miongoni mwa zilizoiletea kampuni yake fedha nyingi kabisa mwaka ule.

Kosa la kwanza ambalo wapenzi wa kitabu hulitaja ni huyo mwanamke. Quatermain wa Haggard anajigamba mapema kwamba hadithi yake haina mwanamke wa Kizungu ndani yake. Katika sinema, Deborah Kerr ni Elizabeth Curtis anayemtafuta mumewe, na safari nzima inageuka kuwa hadithi ya mapenzi kati yake na mwindaji. Tunakiri kwamba kuna mahali ambapo kicheko hakizuiliki. Bibi huyo anajikata nywele porini kwa mkasi, anaziosha mtoni, na zinapokauka juani zinakuwa zimejikunja vizuri kama aliyetoka kwa msusi. Lakini mlinganisho wa haki unataka tuseme pia kile kilichopotea. Katika riwaya yuko Foulata, msichana wa Kikukuana anayemuuguza Kapteni Good na kumpenda, ambaye Gagool anamchoma kisu mashimoni. Haggard anamfanya afe akisema kwamba ni heri, maana jua na giza haviwezi kuoana. Sentensi hiyo ni ya fedheha, na mwalimu aisomapo darasani hawezi kuipita kimya. Sinema ya 1950 iliondoa fedheha hiyo kwa njia iliyo rahisi mno: ilimwondoa Foulata mwenyewe. Mwafrika mwanamke aliyekuwa na jina, na kauli, na kifo chake, akatoka, akaingia mwanamke wa Kizungu mwenye mkasi.

La pili ni Quatermain. Granger ni mrefu, mzuri wa sura, mwenye mvi chache zilizokaa mahali pake. Quatermain wa kitabuni ni mtu wa kawaida anayeogopa, anayehesabu gharama kabla ya safari na kutaka mwanawe atunzwe kama yeye akifa. Ucheshi wa kitabu unatokana na huyo msimulizi mnyenyekevu, na hapa twawapa wapenzi wa kitabu ushindi kamili. Sinema haina sauti ya msimulizi huyo, na pasipo sauti hiyo kinachobaki ni mfuatano wa hatari. Good naye amepotezwa. Kile kituko cha kitabuni, ambapo Wakukuana wanamkuta hana suruali, nusu ya uso imenyolewa na nusu haijanyolewa, meno yakitoka na kurudi kinywani, kisha kwa ajili ya heshima ya miguu yake myeupe akalazimika kutembea bila suruali, hakimo. Mwanafunzi aliyekisoma kituko hicho kwa Kiswahili hukikumbuka hata akisahau jina la mtunzi.

Lakini sinema nayo ina mizigo yake ya dhahabu. Watengenezaji walikataa kuweka muziki wa Kizungu nyuma ya picha, kama ilivyokuwa desturi. Kinachosikika ni ngoma na nyimbo za mahali penyewe. Kiswahili nacho kinasikika, Quatermain asemapo na wapagazi wake, na lugha za wenyeji zinaachwa zisemwe pasipo kufasiriwa kila neno. Mtazamaji wa Chicago alilazimika kukaa kitako asikilize asichokielewa. Kwa mwalimu wa lugha hilo ni jambo la thamani, kwa kuwa kitabu, kwa umbile lake, hulazimisha kila mtu aseme lugha ya msomaji.

Tena iko tofauti moja ambayo wabishi wengi hawaitaji, nasi twaihesabu kuwa kubwa kuliko ile ya nywele za Bi Curtis. Katika riwaya anayemuua Twala, ana kwa ana, mbele ya majeshi, ni Sir Henry Curtis. Mrithi wa ufalme anasimama kando akitazama Mwingereza akimrudishia kiti chake. Katika sinema ya 1950 Umbopa anapigana mwenyewe na Twala na kumshinda, na Wazungu ndio watazamaji. Hatudai kwamba Hollywood ilikuwa imeamka kutetea uhuru wa Waafrika. Huenda walitaka tu pambano la kupendeza kati ya watu wawili warefu. Hata hivyo mwisho uliopigwa Astrida ulimpa Mwafrika ushindi ambao mtunzi alimnyima, na mwenye kupima kwa haki hana budi kuuandika upande wa sinema.

Sasa tufike mahali penye uzito. Wakukuana wa Haggard hawapo kwenye ramani yoyote. Ni taifa la kubuni, na kila msomaji hulijua hilo. Sinema ikaliondoa taifa la kubuni ikaweka mahali pake watu wa kweli: Watusi. Katika orodha ya wachezaji, Umbopa ametajwa kuwa Siriaque wa kabila la Watusi, Twala ni Baziga wa kabila hilo hilo, na Gagool ni Sekaryongo. Wacheza ngoma wao walikuwa wa kweli, mavazi ya kweli, urefu wa kweli. Uongo ulikuwa katika kile walichoambiwa wakiwakilishe.

Neno lenyewe lina historia fupi ya kuchekesha na kuhuzunisha. Watusi ni umbo la Kiswahili, lenye kiambishi wa- cha wingi. Kirundi na Kinyarwanda husema Abatutsi. Kiingereza kililichukua neno letu pamoja na kiambishi chake, kikalifanya jina la umoja na la wingi bila kujali, na mapema miaka ya 1960 vijana wa Marekani wakawa wanacheza dansi iliyoitwa Watusi, wasijue kwamba wametamka ngeli ya kwanza ya Kiswahili. MGM nayo ilitoa mwaka 1959 sinema nyingine kwa jina hilo hilo, ikitumia tena picha zilizobaki. Picha za 1950 zilionekana pia katika Tarzan ya mwaka 1959, na katika Trader Horn ya mwaka 1973. Mtu aliyeruka mara moja mbele ya mashine ya kamera akaendelea kuruka katika hadithi za watu wengine kwa zaidi ya miaka ishirini.

Dansi si kitu. Jambo zito ni fikra iliyokuwa imetangulia. Tangu mwisho wa karne ya 19 wasafiri na watawala wa Kizungu walishikilia kwamba Watutsi ni jamii iliyotoka kaskazini, iliyozaliwa kutawala, karibu na Wazungu kuliko majirani zake. Wabelgiji waliifanya fikra hiyo kuwa kazi ya ofisini. Waliwaondoa machifu wa Kihutu, na huko Ruanda miaka ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu katika kitambulisho. Sinema ya 1950 haikuizua fikra hiyo. Iliipaka rangi na kuipeleka duniani kote: taifa la majitu ya kifalme, lenye siri za Mfalme Sulemani, limekaa milimani tangu zama za kale. Hata kwa Burundi picha hiyo haikuwa ya kweli, maana hapa wafalme walikuwa wa ukoo wa Baganwa, ambao kwa desturi hawakuhesabiwa kuwa Watutsi wala Wahutu. Mwami Mwambutsa aliyekuwa kwenye kiti mwaka ule alikuwa mmoja wao. Na huko Ruanda, wakati Siriaque akicheza mrithi anayerudishiwa ufalme, kila mtu alikumbuka kwamba Wabelgiji walimwondoa mfalme wa kweli, Musinga, mwaka 1931, wakamweka mwanawe Rudahigwa, na kwamba Musinga alifia uhamishoni Kongo mwaka 1944. Hakuna aliyempigia pambano la kumrudisha.

Baadhi ya wenzetu husema tusiutwishe mzigo huo sinema ya kuburudisha. Nchi hizi mbili zimezika watu mwaka 1959, 1972, 1993, 1994 na miaka mingine, na hakuna mauaji yaliyoletwa na Stewart Granger. Twakubaliana nao. Hata hivyo twawakumbusha kwamba hekaya ya watu waliotoka mbali ilirudi mara nyingi katika vinywa vya wachochezi, safari hii ikitumika kuwafukuza waliokuwa wamesifiwa kwayo. Taifa la kubuni la Haggard haliwezi kudhuriwa na sifa wala matusi. Majirani zetu wanaweza. Kwa sababu hiyo twaona kwamba badiliko baya kuliko yote yaliyofanywa na sinema si kuingiza mwanamke wala kufuta kupatwa kwa mwezi, bali ni kuwapa Wakukuana anwani.

Wapenzi wa kitabu wasikimbilie kushangilia, maana kitabu nacho kimebeba ugonjwa huo huo, tena ni mzazi wake. Haggard hakuweza kukubali kwamba barabara kuu ile, na masanamu yale, na mashimo yale, vilifanywa na mababu wa Wakukuana. Lazima viwe vya Wafoeniki, au vya watu wa Sulemani. Fikra hiyo ilikuwa imeenea wakati wake, baada ya Mjerumani Karl Mauch kufika kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 na kuyadhania kuwa ya Malkia wa Sheba. Sasa tazameni miaka ilivyokutana. Mwaka 1929, mwaka ule ule ambao Longmans ilitoa Mashimo kwa Kiswahili, mwanamke mtaalamu wa mambo ya kale, Gertrude Caton-Thompson, alichimba Zimbabwe Kuu na kutangaza kwamba ni kazi ya Waafrika wenyewe. Randall-MacIver alikuwa amesema hivyo kabla yake, mwaka 1905, wala hakusikilizwa sana. Hivyo mtoto wa Tanganyika alipofungua kitabu chake kipya na kusoma kwamba mikono mingine ndiyo iliyochonga mawe ya Afrika, elimu ilikuwa imekwisha kusema kinyume. Mfasiri hawezi kulaumiwa kwa hilo. Anayefundisha kitabu hicho leo bila kulitaja ana lawama.

Na huku kwetu? Shule za Ruanda-Urundi zilifundisha kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kifaransa, na wamisionari wengi walikitazama Kiswahili kwa jicho la shaka, kama lugha ya biashara na ya Uislamu. Kiswahili kiliishi Buyenzi na kando ya ziwa, hakikuishi darasani. Wala sinema haikuwa mlango wazi. Katika Kongo ya Kibelgiji, ambayo Ruanda-Urundi iliunganishwa nayo kiutawala tangu 1925, sheria ya mwaka 1936 iliwawekea Waafrika mipaka ya filamu walizoruhusiwa kutazama. Basi watu wa nchi hizi walichezeshwa katika hadithi ambayo shule haikuwapa kuisoma. Ni tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 ndipo Kiswahili kilipopata kiti chake shuleni, na mwalimu wa hapa aweza sasa kuvileta vyote viwili mbele ya kijana wa Kirundi kwa mara moja, kitabu mkono huu na sinema mkono ule.

Sinema ya 1985, iliyopigwa Zimbabwe na kuchezwa na Richard Chamberlain na Sharon Stone, hatutaitumia wino mwingi. Humo wageni wanatiwa katika chungu kikubwa pamoja na mboga ili waliwe. Waliokataa Granger walijikuta wakimtetea.

Twamalizia kwa ukurasa mmoja ambao sinema ya 1950 haikuufikia, maana kwake mfalme akishashinda hadithi imekwisha. Kitabuni, wageni waagapo, Ignosi anawaambia kwamba nchi yake sasa imefungwa. Mzungu mwingine hatavuka milima ile. Hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, wala wahubiri wa kuwatia watu hofu ya mauti na kuwafungulia njia wengine. Akija mmoja atarudishwa, yakija majeshi atapigana nayo. Maneno hayo yaliandikwa na Mwingereza mpenda dola mwaka 1885, mwaka uliomalizika ndani yake mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika, na yakafasiriwa kwa Kiswahili na mtumishi wa serikali ya kikoloni kwa ajili ya shule za kikoloni. Hatuna maelezo ya kutosha jinsi yalivyopita. Tujualo ni kwamba darasa lisomalo ukurasa huo kwa sauti hunyamaza. Kisha mwanafunzi mmoja, ambaye kila mwaka huwa ni mwingine na swali huwa ni lile lile, huuliza: ikiwa mfalme amefunga njia, na Quatermain amekubali, mbona toleo la kwanza la Kiingereza lilikuwa na ramani mbele yake?